Nguvu zikipungua, pima tansio kwanza

Mazungumzo juu ya homoni ya kiume na afya ya moyo, yaliyotolewa na timu ya afya ya jamii mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, pamoja na maulizo machache yaliyotoka mwishoni.

 

Mara nyingi tukisimama hapa tunaongea juu ya maji safi, malaria, chanjo na chakula cha watoto. Wapapa wanakaa nyuma, wanapiga masolo, wanangojea sehemu ya mikopo ianze. Leo tumewaomba wapapa wakae mbele. Jambo tulilo nalo ni la kwao, na wamama wataona upesi kwamba ni la kwao pia.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mwaka jana, baada ya mkutano kama huu, memba mmoja alitufuata mpaka kwenye pikipiki. Alikuwa papa wa miaka hamsini na kitu, mtu wa jembe, mmoja wa wale waliovuka ziwa wakati wa vita ya 1996 na kurudi kwa meli kutoka Kigoma. Aliangalia kushoto na kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Wadogo zangu, niko na shida ya kiume. Tangu miezi mingi, mambo ya nyumbani haitembee. Munaweza kunionyesha dawa ya nguvu?"

Tukacheka. Hatukumcheka kwa ubaya, kilikuwa kile kicheko cha aibu cha vijana mbele ya mzee. Tukamwambia: "Papa, pumzika kidogo, ni uzee, itapita." Tukapanda pikipiki, tukaenda. Ndani ya mfuko wetu mlikuwa na mashine ya kupima tansio. Hatukuitoa, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu ya wamama wenye mimba.

Yule papa akaenda sokoni. Akanunua unga uliofungwa ndani ya karatasi, na kijana mmoja mwenye kuuza dawa akamdunga sindano mbili "za homoni". Majuma machache nyuma yake alianguka shambani. Walipomfikisha hospitali, tansio ilikuwa juu sana na upande mmoja wa mwili ulikuwa umekwisha kupooza. Alikufa siku ya tatu. Hatuwezi kusema unga ndio uliomuua, ao sindano, kwa sababu hakuna aliyejua ndani yake mlikuwa nini. Lakini jambo moja tunalijua: alituletea dalili mkononi, na sisi tukaipokea kama mzaha. Familia yake imetukubalia tuseme habari hii bila kutaja jina, ili isirudi kwa mwingine.

Ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo. Na kama mtu ataondoka hapa na neno moja tu, liwe hili: nguvu zikipungua, pima tansio kwanza.

Homoni ya kiume ni nini?

Homoni ni kama mjumbe. Sehemu moja ya mwili inamtuma, anasafiri ndani ya damu, anafikisha amri sehemu nyingine. Mjumbe mkubwa wa mwanaume anaitwa testosteroni. Anatengenezwa hasa ndani ya korodani, lakini amri ya kumtengeneza inatoka juu, kwenye tezi ndogo sana iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo kichwa kikisumbuka, ugonjwa ukiwa mkali, njaa ikiwa kubwa, amri inapungua na testosteroni inapungua.

Kazi ya testosteroni si kitanda peke yake. Inasaidia misuli, mifupa, utengenezaji wa damu, hamu na furaha ya mtu. Inapanda asubuhi na kushuka mchana. Na kuanzia miaka thelathini ao arobaini inapungua polepole, karibu asilimia moja kila mwaka. Huo ni mwendo wa mwili, si ugonjwa. Mzee wa miaka sabini hana kiasi cha kijana wa ishirini, na hapaswi kuwa nacho.

Kuna jambo linaloshangaza watu: mwanaume yuko pia na estrojeni, ile homoni tunayoiita ya wanawake. Mwili wake unageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na kazi hiyo inafanyika sana ndani ya mafuta ya mwili. Kiasi kidogo cha estrojeni kinamfaa mwanaume, mifupa yake inakihitaji. Lakini mtu akiongeza tumbo, testosteroni yake inashuka. Huku kwetu tumbo kubwa linahesabiwa kama alama ya mtu mwenye franga. Tujue kwamba tumbo lile lile linamla mwenyewe, kwa upande wa nguvu na kwa upande wa moyo.

Wanganga walivyojifunza kwa gharama

Sasa, homoni hii na moyo vinahusiana namna gani? Wanganga wa ulimwengu wamebishana juu ya hilo miaka mingi, na mabishano yao yana mafundisho kwetu.

Zamani walianza na jambo lililo wazi: wanaume wanapata shambulio la moyo mapema kuliko wanawake, karibu miaka kumi mbele. Wakawaza: basi homoni ya kiume inaharibu moyo, na homoni ya kike inaulinda. Inasikilika vizuri, si ndiyo? Kule Marekani, katika miaka ya 1960, wakachukua wanaume waliokwisha kupona shambulio la moyo, wakawapa baadhi yao vidonge vya estrojeni. Matokeo? Waliopewa kiasi kikubwa wakapata mashambulio mengi zaidi, na damu kuganda ndani ya mishipa. Mwaka 1970 dawa ile ya kiasi kikubwa ikasimamishwa, na mwaka 1973 hata kiasi kidogo kikasimamishwa.

Baadaye upepo ukageuka. Wakapima damu za wanaume wengi wagonjwa: wenye kisukari, wenye mafuta mengi, wenye moyo dhaifu. Wakaona wengi wao wana testosteroni ya chini. Wakawaza: basi upungufu ndio unaoharibu moyo, tuwaongezee. Biashara ikaingia mbio. Mwaka 2010 ikatoka habari ya utafiti mmoja wa wazee 209 wenye shida ya kutembea. Nusu walipewa testosteroni ya kupaka, nusu walipakwa dawa isiyo na kitu. Utafiti ukakatishwa kabla ya wakati, juu wale wa testosteroni walipata matatizo ya moyo na mishipa 23, na wale wengine 5 tu. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ikawalazimisha watengenezaji waandike onyo juu ya paketi.

Mwisho ukafanyika utafiti mkubwa, uliotangazwa mwaka 2023. Wanaume zaidi ya 5,200, wa miaka 45 mpaka 80, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo ao hatari ya kuupata, na wote wamepimwa mara mbili kuonekana kwamba testosteroni yao ni ya chini kweli. Safari hii mashambulio makubwa ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili: asilimia 7.0 kwa waliopata testosteroni, 7.3 kwa wasiopata. Lakini kwa waliopata, mapigo ya moyo kwenda ovyo yaliongezeka, pamoja na damu kuganda ndani ya mapafu na figo kuumia.

Tuangalie sasa maana yake kwetu. Mtu aliyepimwa, akapewa na munganga kwa sababu ya upungufu wa kweli, akafuatwa kila mara na vipimo vya damu: huyo dawa inaweza kumfaa, na moyo wake haukuonekana kuharibika zaidi kwa hesabu ya jumla. Lakini hata yeye, dawa haikumponyesha moyo. Ikiwa haikuulinda moyo wa mtu anayepimwa kila wakati, itaulinda vipi wa mtu anayedungwa chini ya mwembe na asiyejua chupa imeandikwa nini?

Tena kuna fundisho la pili. Testosteroni ya chini na ugonjwa wa moyo vinatembea pamoja, lakini kutembea pamoja si kuzaana. Moshi ukitoka juu ya paa, huwezi kuzima moto kwa kufukuza moshi. Mara nyingi testosteroni ya chini ni moshi: mwili unaumwa, una kisukari, una mafuta mengi, haulali, unakunywa sana pombe. Tafuta moto uko wapi.

Uume ni kipimo cha mishipa

Hapa wapapa watusikilize vizuri, na wamama wasione haya.

Wengi wanawaza kwamba uume kutosimama ni upungufu wa homoni. Pengine ndiyo. Lakini kwa mwanaume aliyepita miaka arobaini, mara nyingi sababu ni damu. Ili uume usimame, damu inapaswa kuingia kwa wingi kupitia mishipa myembamba, ya upana wa milimita moja ao mbili. Mishipa inayolisha moyo ni mipana zaidi, milimita tatu mpaka nne. Tansio, sukari, sigara na mafuta vinaharibu mishipa yote ya mwili kwa pamoja. Sasa bomba jembamba na bomba pana vikiingia uchafu siku moja, lipi litaziba kwanza? Jembamba.

Ndiyo maana shida ya kitanda inaweza kumtangulia mtu miaka miwili, mitatu, hata mitano kabla moyo haujaonyesha shida yake. Ni kengele. Yule papa wetu kengele yake ililia miezi mingi. Alifanya mema kuja kutuambia. Sisi ndio tuliozima kengele kwa kicheko.

Kwa hiyo mwanaume akiona nguvu zinapungua, tena zinaendelea kupungua miezi miwili mitatu, asikimbilie sokoni. Aende kituo cha afya, aombe wampime tansio, na sukari kama inawezekana. Tansio ikionekana 140 juu ya 90 ao zaidi, siku mbili tofauti, hiyo ni tansio ya juu na inahitaji kufuatwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema watu wenye tansio ya juu ulimwenguni wanapita bilioni moja, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Tansio haiumi. Mtu analima, anacheka, anabeba gunia, na ndani mishipa inachoka. Usingoje kichwa kiume.

Kile kinachouzwa sokoni

Tumepita sokoni, tumeangalia. Tutasema aina tatu bila kutaja muuzaji.

Aina ya kwanza ni vidonge vya sildenafili. Hii ni dawa ya kweli. Watengenezaji waliitafuta kwanza kwa ajili ya maumivu ya kifua, wakagundua inasaidia kitu kingine, ikakubaliwa Marekani mwaka 1998. Inafungua mishipa ya damu. Kwa mtu mzima mwenye ruhusa ya munganga, inafaa. Lakini mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati akiichanganya nayo, tansio inaweza kuanguka ghafula mpaka afe. Na mtu ambaye moyo wake umekwisha kuziba bila yeye kujua, anaupa moyo kazi usiyoiweza.

Aina ya pili ni unga na asali za "miti shamba". Wakaguzi wa dawa kule Marekani wamepima bidhaa nyingi za namna hiyo zilizoandikwa kwamba ni za asili, wakakuta ndani wamechanganya sildenafili bila kuandika. Ndiyo sababu "mti" ule unafanya kazi ndani ya saa moja. Unakunywa dawa ya farmasi bila kujua kiasi, na munganga akikuuliza umekunywa nini, unajibu: "Ni majani tu."

Aina ya tatu ni sindano za homoni. Vijana, sikieni. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ile tezi chini ya ubongo inaona iko nyingi, inakata amri. Korodani zinalala. Mbegu za uzazi zinapungua, pengine zinakwisha kabisa. Utafiti mmoja wa OMS uliotolewa mwaka 1990 ulijaribu sindano za testosteroni kila juma kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume, na kwa wengi mbegu ziliisha kabisa kwa muda wote wa sindano. Umeoa mwaka huu, unatafuta mtoto, unadungwa homoni ya kuwa mwanaume zaidi, na mtoto hapatikani. Kisha lawama anabeba mama. Tena testosteroni nyingi inaongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito. Wale wanaojidunga kiasi kikubwa sana ili kujenga misuli, moyo wenyewe unaweza kunenepa na kuchoka wakiwa bado vijana.

Tuongeze moja ambayo watu hawaihesabu kama homoni: vidonge vya kunenepesha, hasa dexamethasoni. Vinaongeza hamu ya chakula na kuvimbisha uso. Lakini vikinywewa mda mrefu vinapandisha tansio na sukari, na kwa mwanaume vinashusha testosteroni. Hata tramadoli, ile wanayokunywa watu wa kazi nzito ili wasisikie uchovu, ikizoewa inashusha testosteroni. Mtu anamaliza nguvu kwa kidonge kimoja, kisha ananunua kidonge kingine cha kuzirudisha.

Maisha yetu sisi tuliorudi

Ndani ya timu yetu wako waliokulia kambini Nyarugusu na Lugufu. Tunajua maisha ya kurudi. Unafika, shamba la baba limelimwa na mwingine. Unajenga, vita inakurudisha mbio. Usiku unasikiliza milio, hulali. Na usingizi unahusika: vijana kumi wenye afya walipolazwa saa tano tu kwa usiku, muda wa juma moja, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 mpaka 15. Ikiwa juma moja linafanya hivyo kwa kijana asiye na shida, miaka ya wasiwasi inafanya nini kwa mzee mwenye watoto wanane?

Kwa hiyo mwanaume akilegea baada ya mambo haya, si kwamba amepungua kuwa mwanaume. Mwili wake umebeba mengi. Kuongea na mtu anayeaminika, kumaliza ugomvi wa shamba mbele ya wazee, kulala vizuri, hiyo nayo ni dawa.

Tunaweza kufanya nini bila franga nyingi? Kwanza chumvi. OMS inasema isipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo kimoja kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula. Samaki wa chumvi aloweshwe na maji yamwagwe. Mama akitia kube ndani ya sombe, asitie tena chumvi nyingi. Pili sigara: iachwe, hakuna nusu. Tatu pombe: kasiksi na kanyanga za kila jioni zinapandisha tansio na kushusha testosteroni, zote mbili kwa chupa moja. Nne tumbo: aliyezoea pikipiki hata kwa safari fupi, atembee kwa miguu, nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma. Mwenye kulima kila siku ameisha kufanya sehemu yake.

Na dalili za kukimbia hospitali saa ile ile: kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu kwenda mkono wa kushoto ao taya, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande, mkono ao mguu kufa ghafula, maneno kushindwa kutoka. Usilale nayo mpaka asubuhi. Usianze na kuombewa ao kuchanjwa. Anayeomba aombe njiani.

Maulizo

Mama mmoja aliuliza: "Bwana yangu alikuwa anakunywa dawa ya tansio, akaiacha, anasema inamumaliza nguvu. Nifanye nini?"

Tulijibu: Papa hasemi uongo. Dawa fulani za tansio zinaweza kupunguza nguvu kwa watu fulani. Lakini tansio yenyewe inazipunguza pia, na inaua. Asiache peke yake. Arudi kwa munganga aseme wazi: "Tangu nilipoanza kidonge hiki, nyumbani haitembee." Ziko dawa za aina nyingi, munganga anaweza kubadilisha. Munganga haoni haya, anasikia hayo kila siku. Na wewe mama, usimcheke, usimtukane mbele ya watoto. Msindikize.

Mzee mmoja akasema: "Kwetu tunajua, mwanaume akikosa nguvu ghafula, kuna mutu amemufunga."

Tulijibu: Baba, hatukuja kugombana na wazee. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya kumtafuta aliyefunga, pima tansio na sukari. Kipimo hakimkosei mtu heshima. Ndoa ngapi zimevunjika hapa, jirani ngapi wamesingiziwa, na kumbe ilikuwa sukari?

Kijana akauliza: "Na sisi wenye miaka ishirini na tano?"

Tulijibu: Kwa kijana, mara nyingi ni wasiwasi, uchovu, pombe ao vidonge. Lakini njoo upimwe pia. Ziko tansio za vijana. Na kama tatizo linaendelea, pamoja na kukosa hamu, ndevu kupungua ao kutopata mtoto, hapo kipimo cha testosteroni kinaweza kuhitajika. Kinafanywa asubuhi, na kinarudiwa siku nyingine kabla ya kuamua. Kwa vituo vidogo hakipatikani kwa urahisi, munganga ataandika barua ya kukutuma hospitali kubwa. Usikubali mtu akwambie "testosteroni yako imeisha" kwa kukutazama uso.

Papa mwingine akauliza: "Mukitupima, habari itabakia kwenu?"

Hili ndilo ulizo la maana kuliko yote. Ndiyo, itabakia. Tumeomba chumba kidogo nyuma ya ofisi, chenye mlango. Anaingia mtu mmoja mmoja. Daftari lina namba, halina jina. Na sisi tumekubaliana kwamba anayecheka hafanyi kazi hii.

Kwa wanachama na wafadhili

Tumemweleza mwenyekiti mapendekezo matatu. La kwanza: kila siku ya mkutano, tansio ipimwe kwa kila mtu mzima, wapapa kwa wamama, kabla ya kikao kuanza. La pili: ndani ya sanduku la kusaidiana, lile linalotusaidia kwa msiba na kwa uzazi, tutenge sehemu ya dawa za tansio. Mtu akianza dawa, anaanza kwa miaka. Akinunua mwezi mmoja na kukosa mwezi wa pili, ni kama paa lenye mabati nusu. Tunachanga kununua sanduku la maiti bila kuchelewa. Tuchange pia kwa kidonge kinachochelewesha sanduku. La tatu: wapapa wawili na wamama wawili wafundishwe kupima, ili kazi isisimame barabara ikifungwa na sisi tukashindwa kufika.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: miradi mingi inayotufikia inahesabu wamama na watoto, na ni haki, maana wao ndio wanaoumia kwanza. Lakini papa akipooza, mama anabaki na mgonjwa, shamba na watoto, na msichana mkubwa anatoka shuleni. Mashine ya tansio, mkanda mpana kwa mikono mikubwa, betri, na dawa za bei ndogo zisizokatika: hivyo si vitu vya kupigwa picha, lakini vinaacha baba ndani ya nyumba.

Wapapa, tumalize. Mashine iko hapa juu ya meza, chumba kiko wazi. Sisi wenyewe tulipimana asubuhi kabla ya kuja, na mmoja wetu, hajafika miaka arobaini, alikuta 150 juu ya 95. Naye atarudia kipimo, atapunguza chumvi, atakwenda kwa munganga. Hajapungua kitu mbele yetu.

Yule papa alitufuata mpaka kwenye pikipiki. Safari hii msitufuate barabarani. Sisi tutabaki hapa mpaka wa mwisho apimwe.